Kyakimwa, Bibi wa Shofere

Siku ya pili ya juma, tarehe 12 septemba 2000, Mama Kyakimwa Rébecca aliamuka kabla ya bwana yake, akaweka viazi kwenye moto. Kuni zilikuwa mbichi. Akaita: «Shofere, kuja! Moto yako inakataa.» Bwana yake Éphraïm, ndiye anayesema maneno haya, akapuliza, ukawaka. Balikula. Ilikuwa asubui kama zingine. Bwana yake hakuiangalia sana.

Marehemu alizaliwa Kasugho mwaka 1936, mutoto wa Maliro na Agar. Alisoma kwa Masista miaka tatu, kisha mama yake akagonjwa, akarudi kulea badogo zake. Ile miaka tatu ilitosha: barua za kijiji chote, ni yeye alizisoma.

Mwaka 1955 Éphraïm alifika kuposa. Alikuwa anatumika barabara ya Beni na Butembo, kwenye rulo ya moshi, ile mashini nzito ya kukanyaga njia, yenye kula kuni na kunywa maji. Baba mukwe akaomba karatasi ya kazi. Bwana arusi hakujua kusoma. Binti ndiye aliisoma: «Chauffeur.» Nyumba yote ikapiga vigelegele, bakizani anaendesha motokari. Éphraïm alijua maana yake. Akakunja karatasi, akairudisha mufukoni.

Kisha ya ndoa, bibi akamupelekea chakula kazini. Akakuta Zorobabel, mwenzake Éphraïm kazini, ndiye ameshika usukani, na bwana yake nyuma, mweusi kama chungu, anatupa kuni katika tumbo la mashini.

«Na weye unaendesha nini?»

«Moto. Kwa Kifaransa, chauffeur ni mwenye kuchochea moto pia.»

«Kumbe ni Kifaransa kilinioza!»

Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu pale jina likawa Shofere. Bwana yake akamuahidi: siku moja nitashika usukani miye mwenyewe, nikufikishe Butembo.

Mwaka 1961 rulo ilikufa kwenye kilima cha Kalunguta, karibu na shamba lao. Haikutoka tena. Mama akaanika maharagi juu yake. Alilima, akabeba mizigo kwa mugongo mpaka soko ya Butembo, na miguu, miaka yote. Alizaa batoto saba, akazika batatu. Katika shirika la kanisa, yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo.

Siku ya tatu mangaribi, tumbo likamushika. Siku ya ine asubui alisema: «Twende tu polepole na miguu.» Bwana yake akakataa: «Tungoje camion ya mizigo ya Amisi itoke Beni.» Lakini vita ilikuwa njiani, basoda benye bunduki balifunga barabara. Camion haikuja. Siku ya tano, vilevile. Mutu aliyetengeneza barabara alikaa akingoja motokari. Hilo ni kosa lake, na analisema hapa mbele ya kaburi.

Siku ya sita, siku ya posho, tarehe 16, balimukalisha kwenye baiskeli ya mutoto wao Kitsa, bakamufunga na kitambaa cha kikwembe. Kitsa akasukuma. Bwana yake akashika usukani. Hospitalini Butembo muganga alisema: «Mumekawia.» Akakufa saa kumi na moja ya mangaribi.

Anaacha bwana yake. Batoto bane, Kitsa, Kanyere, Paulin na Masika. Na bajukuu kumi na moja. Mungu amupumuzishe kwa amani, yeye na miguu yake.

Ile asubui ya posho, balipopita penye rulo, Mama alifungua macho, akasema:

«Hii barabara mulikanyaga namna gani? Mashimo matupu! Lakini leo, Shofere, umenipeleka.»