Safu ya Tatu katika Daftari la Mzee Ngoja

Ijumaa ya tarehe ishirini na nane mwezi huu, saa kumi alasiri, fundi wa kompyuta wa chuo chetu atakabidhi funguo za chumba namba nne, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Funguo hizo ni tatu: mmoja wa mlango, mmoja wa kabati la diski, na mmoja wa droo ambamo daftari lake hulala. Wasifu huu unahusu zaidi ule wa tatu.

Aliajiriwa akiwa fundi wa taipureta. Alikuta mashine kumi na nane zenye meno yaliyolegea, akazitunza hadi ya mwisho ilipopelekwa stoo. Kompyuta ya kwanza ilipofika, katika mwaka wake wa tatu kazini, ilikaa ndani ya kasha wiki mbili nzima, kwa sababu kila ofisi iliitaka na hakuna ofisi iliyothubutu kuifungua. Yeye aliifungua. Alijifunza kwa vitabu, kwa kuuliza na, kama anavyokiri mwenyewe bila haya, kwa kuiharibu mara mbili. Ni katika mara hizo mbili alipoikuta kanuni ya maisha yake: hakuna badiliko litakaloingia kwenye kompyuta kabla hajajua njia ya kulitoa.

Sisi wanafunzi tuliibatiza kanuni hiyo kabla ya kuielewa. Tulimwita Mzee Ngoja. Kila sasisho jipya lilipotoka, aliliweka kwanza kwenye kompyuta moja kuukuu iliyo kando ya dirisha, iliyong'oka kitufe kimoja cha kibodi, ambayo yeye aliiita Mwonjaji. Mpishi hapakui kabla hajaonja; naye hakugawa kabla Mwonjaji haijala na kukaa siku saba bila kuugua. Ndipo kompyuta nyingine arobaini na mbili zilipopata zamu yao. Na kila mara aliandika kwenye daftari lenye safu nne: tarehe, kilichobadilishwa, aliyeruhusu, njia ya kurudi. Safu ya tatu ilitaka jina la mtu. Hakukubali cheo, hakukubali “ofisi”, na aliyethubutu kuandika “imejiweka yenyewe” alirudishiwa kalamu.

Wakongwe wanakumbuka siku ya wageni mashuhuri, pale kompyuta ya ukumbi, ambayo haikuwa chini yake, ilipoamua kujisasisha katikati ya hotuba. Ukumbi mzima ulikodolea macho asilimia ishirini na saba kwa dakika arobaini. Mkuu wa chuo alitoa vichekesho vyote alivyokuwa navyo, akaanza kuvirudia. Mzee Ngoja, aliyeketi safu ya nyuma, alimnong'oneza mtunza maktaba: “Hata mashine ina haki ya kwenda haja, lakini na iombe ruhusa.”

Asidhaniwe, hata hivyo, kuwa alikuwa adui wa mapya. Mtunza ghala aliyekataa kila sasisho kwa miaka mitatu, akidai kompyuta yake “imezoea”, aliamka siku moja akakuta kirusi kimekwisha kuyafunga mafaili yake yote. Mzee Ngoja alikaa naye siku nne kuyaokoa, kisha akampa somo lisilosahaulika: “Anayekataa kila apdeti na anayeziachia zijiingize zenyewe ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili hawataki kuangalia.”

Ndugu wasomaji, si haki kuisifu busara hii bila kusimulia jinsi tulivyoitukana. Miaka miwili iliyopita chama cha wanafunzi kiliandika waraka wa kumshitaki mbele ya kamati ya kompyuta. Sahihi zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Mabango yalibandikwa kutoka bwalo hadi maktaba: NGOJA NGOJA HUUMIZA MATUMBO. Tulidai kila kompyuta ipangwe ijisasishe, saa yoyote, bila mkono wa mtu. Hoja yetu ilikuwa na mashiko: tundu la usalama likishatangazwa, siku saba za kungoja ni siku saba za mlango wazi. Yeye aliikubali hoja hiyo palepale, bila kinyongo, akapunguza siku za masasisho ya usalama kutoka saba hadi mbili. Lakini sisi hatukutaka siku mbili. Tulitaka ushindi. Alipokutana na mabango yetu kwenye korido aliuliza swali moja tu: “Na pupa je, inaponya tumbo la nani?” Tulimzomea.

Katibu wa chama aliyeuandika waraka ule ndiye aliyeomba kuandika wasifu huu. Hapa kuna jambo ambalo kamati haikuwahi kuambiwa.

Katibu huyo amelelewa na mama yake mkubwa, mwalimu mstaafu aliyepoteza uwezo wa kuona miaka minane sasa. Sebuleni kwao, juu ya meza ya cherehani isiyotumika tena, kuna kompyuta inayosema. Kila herufi anayoibonyeza mwalimu, kompyuta huitamka. Kila mstari anaouandika, humsomea. Kwa njia hiyo huwaandalia masomo watoto kumi na wawili wasioona, na kila Ijumaa somo huwafikia shuleni. Ni Mzee Ngoja aliyeiweka sauti ile, na kila mwezi alifika mwenyewe kuisasisha. Mwalimu, ambaye marehemu mumewe alikuwa rafiki wa fundi, hakuacha utani: “Shemeji, leo umeniletea apdeti au umefuata chai?” Naye hujibu: “Nimekuja kuionja chai, Mwalimu. Apdeti itangoja.”

Katibu aliiona ziara hiyo kuwa fedheha. Vipi jemadari wa waraka awe na nyumba inayomngoja Mzee Ngoja? Basi asubuhi ya Jumatatu, kabla ya kusafiri siku tano kwenda kwenye kongamano la wanafunzi, aliipanga kompyuta ya nyumbani ipakue kila kitu, ikiweke, na ijizime na kujiwasha yenyewe, bila kuuliza. Diski ilipolalamika haina nafasi, alifuta nakala za akiba zilizomo, zile ambazo zingeiwezesha kurudi ilipotoka. “Mama,” alisema, “sasa itajihudumia yenyewe. Hutamsubiri mtu tena.” Mama mkubwa akajibu: “Haya mwanangu, mradi isinitoroke.”

Ilimtoroka siku iliyofuata. Sasisho kubwa liliingia adhuhuri, kompyuta ikajizima, ikajiwasha, na programu ya sauti haikuafikiana na ugeni uliokuja. Kwa mwenye macho, lingekuwa jambo la kukunja uso na kubofya hapa na pale. Kwa Mwalimu, dunia ilifunga mdomo. Alisikia feni ikizunguka. Alibonyeza vitufe vyote, mstari kwa mstari, akisubiri kimoja kijibu. Akachomoa waya, akachomeka. Kimya. Alimpigia katibu simu mara tisa. Simu ilikuwa imezimwa, kwa kuwa mwenyewe alikuwa jukwaani akihutubia juu ya kuikomboa teknolojia mikononi mwa waoga. Jumatano jioni Mwalimu aliangusha kijiko sakafuni kwa makusudi, ahakikishe bado anasikia.

Alhamisi alimpigia Mzee Ngoja. Fundi alifika saa sita mchana akiwa na diski ya nje, kwani nakala ya mwezi uliotangulia alikuwa nayo kabatini, kama alivyokuwa nayo ya kila kompyuta aliyowahi kuigusa. Mafaili ya masomo yalikuwa salama; kilichopotea ni sauti ya kuyasoma. Alifanya kazi hadi jua likaondoka ukutani. Sauti iliporudi, Mwalimu alisema: “Shemeji, nilidhani nimenyang'anywa na masikio.” Akauliza ni nani aliyeigusa mashine, ingawa alimjua. Fundi akamjibu: “Usimgombeze. Alitaka usisumbuke.” Somo la Ijumaa liliwafikia watoto kumi na wawili bila kuchelewa hata saa moja.

Katibu aliyasikia haya Jumamosi, aliporudi. Mama mkubwa hakumgombeza. Alisema tu: “Nenda kamshukuru shemeji yangu.” Hakwenda.

Jumatatu kamati iliketi. Waraka ulisomwa kwa sauti ya radi. Mwenyekiti akamgeukia fundi, akamtaka ataje mfano mmoja, mmoja tu, wa mtu aliyedhurika kwa kompyuta kujisasisha yenyewe. Jibu lilikuwa la siku nne tu zilizopita. Lilikuwa na jina, lilikuwa na nyumba, na mtoto wa nyumba hiyo alikuwa ameketi mbele yake, upande wa pili wa meza, akiyakaza macho kwenye waraka wake mwenyewe. Angelitoa, waraka ungekufa papo hapo na mwandishi wake asingeinua tena uso chuoni. Mzee Ngoja alivua miwani, akaifuta, akaivaa. “Mfano ninao, Mwenyekiti,” alisema, “lakini si wangu kuutoa.” Katibu, ambaye ulikuwa wake kuutoa, alinyamaza. Ulimi uliotikisa ukumbi wa kongamano haukuweza kutamka maneno matano. Utaratibu wa Mzee Ngoja ulinusurika kwa kura moja, na kura hiyo haikuwa ya katibu.

Kwa miaka miwili iliyofuata fundi aliendelea kusalimia wa kwanza kila walipokutana kwenye korido.

Anatuachia chumba kilicho katika hali bora kuliko alivyokikuta. Kamati imeazimia kuwa Mwonjaji ibaki kando ya dirisha, na kwamba kila mfanyakazi na mwanafunzi mwenye kompyuta nyumbani apewe maelekezo aliyoyaandika fundi kwa mkono wake: kompyuta inaweza kuachiwa kupakua yenyewe, lakini kuweka kungoje mtu aliye macho, nakala ya akiba itangulie, na ikae nje ya mashine, na kuahirisha kusizidi siku mbili panapohusika usalama. Ukurasa ni mmoja. Waraka wetu ulikuwa na kurasa kumi na nne.

Wiki iliyopita kamati ilimtuma mjumbe wa wanafunzi, ambaye sasa ni katibu yuleyule, ahakiki daftari kabla ya makabidhiano. Lina kurasa mia mbili na kumi na mbili. Za nyuma ni za kompyuta za nyumbani za walimu wastaafu. Kila safu ya kila ukurasa imejazwa, isipokuwa nafasi moja. Tarehe ni ya Alhamisi ile. Kilichobadilishwa: sauti ya Mwalimu. Njia ya kurudi: imepatikana. Chini ya “aliyeruhusu”, mtu ambaye hakuwahi kumsamehe yeyote safu tupu aliacha nafasi nyeupe, yenye upana wa jina.

Mzee wetu, asante kwa miaka thelathini na mmoja ya kuangalia wakati sisi tulitaka kufumba macho. Mkeo ametutumia ujumbe kuwa mlango wa jikoni umelegea bawaba tangu mwaka juzi, na kwamba nyumbani neno “ngoja” halikubaliki; tunakuombea nguvu katika ajira hiyo mpya. Nenda kwa afya, na chai ya Mwalimu isikupungukie. Na Ijumaa, kabla ya kuutoa ule ufunguo wa tatu, tunakuomba ulifungue daftari mara moja ya mwisho, kwenye kurasa za nyuma. Nafasi ile imejazwa, kwa wino, kwa mwandiko wa mwenye jina.