Kisanduku Kilichotoa Chai

Wapendwa, mnaniona hapa mbele na koti la kola pana na viatu vya ngozi, na sauti yangu inafika hadi kwa wale waliokaa dirishani. Msifikirie nilizaliwa hivi. Shule niliiacha darasa la tatu, na sioni haya. Kuna watu wamesoma hadi wakavaa miwani, na redio ikinyamaza wananiletea mimi. Wengine wako humu ndani, wanaangalia sakafu sasa hivi. Msiwe na wasiwasi, leo sitataja mtu jina.

Nimesimama kuwaambia vile nilivyokaa chini kabisa, mahali ambapo mtu anaangalia mikono yake na haina kazi.

Nilikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai hapa Kericho, na tulikaa nyumba za kampuni, mimi, mama watoto na watoto. Ilikuwa miaka ile magitaa ya stima yalipoanza kuingia kwenye kumbi za mashamba. Gitaa la stima lina sauti safi kama maji, lakini wapigaji walitaka ikwaruze, ingurume kama lori likipanda na magogo kutoka Londiani. Kulikuwa na kisanduku cha ng'ambo kinachofanya kazi hiyo. Unakiweka chini, unachomeka waya wa gitaa, unakikanyaga kwa mguu, sauti inageuka. Mpiga gitaa mmoja aliyekuja kutoka Nairobi aliniruhusu nifungue chake. Nilitazama ndani nikacheka. Ni vipande vya redio, vile vile ninavyovijua.

Nikatengeneza changu. Ndani, vipande vya redio zilizokufa na betri. Nje, chuma cha pipa la mafuta, nakata kwa patasi, nakunja, nagonga kwa nyundo. Kikanguruma. Ndugu zangu, nawaambia, kutoka Londiani mpaka Bomet hakukuwa na mtu mwingine. Kama alikuwepo, ajitokeze baada ya ibada.

Shida ilikuwa sura. Chuma cha pipa kina makovu ya nyundo, na rangi laini inaonyesha kila kovu. Tena kiatu chenye matope kinateleza juu yake. Nikataka rangi ya kukwaruza, yenye ngozi, kama ile ya kisanduku cha ng'ambo. Sasa, mtu anayekaa kiwandani akitaka kitu cha unga unga anafikiria nini? Vumbi la chai. Lile la mwisho kabisa, linalobaki sakafuni baada ya kuchekecha, ambalo halifai hata gunia. Ni kavu, ni jepesi, ni la bure. Nikapaka rangi ya mafuta nzito, na kabla haijakauka nikanyunyiza vumbi la chai kwa chekecheo la unga la mama watoto. Likakauka juu ya jiko. Nikapaka rangi nyingine nyepesi juu yake. Ukikipitishia kidole, unadhani ni mgongo wa chura. Makovu ya nyundo yamepotea. Kiatu kinashika. Wapigaji wakakipapasa kama watu wanaonunua ng'ombe.

Kiangazi kile bendi zilinitafuta hadi nikaanza kutembea katikati ya barabara. Nikampelekea nyapara ufunguo wa nyumba ya kampuni.

"Umekosana na mtu?" akaniuliza.

"Sijakosana. Nimekuwa mkubwa."

"Mvua inakaribia, fundi. Kaa kwanza msimu uishe."

"Mvua ni ya wachuma chai," nikamwambia.

Mko naye humu ndani, yule nyapara. Anacheka. Wacheni acheke.

Nikakodi chumba sokoni, mbele karakana, nyuma tunalala. Kisha mvua za Kericho zikaanza, mnazijua, zile za kila alasiri. Kisanduku cha kwanza kikarudi kimefungwa kwa gazeti.

"Fundi," mwenyewe akasema, "hii sanduku yako imeshikwa na ukoma."

Nikatazama. Rangi imevimba malengelenge, na katikati ya malengelenge kuna ukungu mweupe.

"Umeimwagia pombe."

"Pombe nakunywa mimi. Sanduku haijaokoka, lakini haikunywa."

Wa pili hakuleta kwa upole. Alikuwa amekanyaga katikati ya densi, kwenye ukumbi umejaa, na ngozi yote ya rangi ikatoka na kiatu kama ganda la ndizi. Akaanguka chali na gitaa kifuani. Watu walifikiri ni mtindo mpya, wakapiga makofi. Vipande vya rangi viliingia kwenye tundu la waya, na kisanduku kikakohoa kikanyamaza. Akanirushia miguuni. Kisha kikarudi kingine, na kingine.

Nilipaka upya. Nilibadilisha rangi. Nilisugua chuma mpaka kikang'aa, nikapaka, nikanyunyiza vumbi langu, na kila kimoja kikavimba tena. Sikujua ninapigana na nini. Na jambo la kuniumiza kabisa ni hili: mpiga gitaa mmoja wa Chebunyo, huko chini kwenye ng'ombe na mtama, alinitumia salamu kwamba kisanduku chake ni kizima kama siku niliyompa, na ndugu yake anataka kingine. Nikajiambia, basi. Chebunyo wananisifu, Kericho wananirudishia. Fundi ni mmoja, rangi ni moja. Kwa hivyo hapa Kericho kuna mtu ananionea wivu. Nikaanza kuwatazama majirani vibaya. Mwenye duka la vyuma, mtu wa kutoka upande wa Mlima Kenya, aliniuliza kwa wema, "Hiyo rangi unachanganya na nini?" Nikamwambia, "Na akili." Nikaondoka.

Wapendwa, mtu akikosa jibu, hujitafutia adui.

Bendi zikaacha kuja. Chumba cha sokoni kikatushinda. Mama mmoja mjane, Mkipsigis, aliyekuwa akimuuzia mama watoto maziwa, akatupatia jiko lake la zamani, kibanda cha kupikia, tulale humo, lile lililokuwa na paa la nyasi na ukuta umeanguka upande mmoja. Sisi sote tunamwita Gogo, yaani nyanya. Yuko pale, mwenye kitambaa cha kijani, na hapendi ninavyomtazama.

Mvua iliingia kwa ule ukuta. Mtoto wetu mdogo akaanza kukohoa kifua. Nilikuwa nikikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nasikia kile kikohozi, na mikono yangu iko magotini. Mikono hii. Hakuna nilichoweza kushika kikapona. Nilijaribu kuziba ukuta kwa udongo, mvua ikauosha kabla haujashika. Nilirudi hata kwa nyapara. Aliniambia kwa huruma kwamba nyumba ina mtu mwingine.

Shemeji zangu wakaja kutoka kwetu milimani, upande wa magharibi. Hawakukaa.

"Shemeji," mkubwa wao akasema, "hatukuja kugombana. Tunachukua dada yetu na watoto mpaka upate ukuta."

Mama watoto alifunga nguo kwa shuka, akambeba mtoto, akaniangalia akingoja nimzuie. Ningemzuia kwa kitu gani? Nikamfungulia mlango. Aliacha lile chekecheo limening'inia ukutani.

Sikumbuki vizuri nilivyoishi baada ya hapo. Gogo alikuwa akiniwekea uji mlangoni kama mtu anayelisha kuku wa jirani. Visanduku vilivyorudi nilikuwa nimevitundika kwenye boriti, nje kidogo, chini ya ukingo wa paa, kwa sababu sikutaka kuviona. Na Gogo alikuwa na karai lake pale chini, la kukinga maji ya mvua.

Alasiri moja mvua ilikatika, nikamsikia anaita kwa hasira.

"Wewe. Nani ameweka majani kwa maji yangu?"

"Majani gani, Gogo?"

"Kuja uone. Nilikinga maji, nimepata chai."

Nikatoka. Maji ndani ya karai yalikuwa ya kahawia. Nikainua macho. Kwenye boriti, kisanduku changu kilikuwa kinadondosha, tone, tone, na kila tone lina rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa.

"Hii sanduku yako inakojoa chai," Gogo akasema. "Mtu gani anapika chai kwa chuma?"

Nilichota kwa kiganja nikaonja. Chai, na uchungu wa rangi. Nikakaa chini kwenye matope. Miaka yote ile nimefanya kazi kiwandani, na nimesahau jani la chai linaishi kwa ajili ya nini. Linangoja maji. Ukilikausha, ukalisaga, ukalifunika kwa rangi, bado linangoja maji tu. Kericho mvua inalipata, linavimba, linasukuma rangi, linaoza. Chebunyo kukavu, halijawahi kupata hata tone, ndiyo maana kisanduku cha kule kilikuwa kizima. Hakukuwa na mwenye wivu. Nilikuwa nikiwatengenezea watu vikombe vya chai wakanyage.

Nilicheka, kisha nikalia mbele ya Gogo, na yeye akamwaga yale maji akaanza kusugua karai lake.

Msidhani niliinuka hapo. Kujua ugonjwa si kupona. Sikuwa na rangi, na sikuwa na nguvu hata ya kukwangua. Ni ninyi. Mliposikia kutoka kwa Gogo, wanaume wa kanisa hili mlikuja na visu na vipande vya chupa, mkaketi pale nje mkikwangua visanduku vya mtu aliyewatazama vibaya msimu mzima. Mwenye duka la vyuma akaleta mikebe ya rangi iliyobaki chini chini. Akaniuliza, "Sasa utachanganya na nini?" Akacheka, akanipa mkono. Nyapara alikuja na udongo na fito, akasimamisha ukuta.

Ila wazo la mchanga ni langu, hapo sitamwachia mtu. Mchanga wa mto hauna kiu. Niliuosha, nikaukaanga kwenye karai kuukuu mpaka ukakauka kabisa, nikauchekecha kwa chekecheo lile lililobaki ukutani, nikaunyunyiza kwenye rangi mbichi. Ukakamata kama magamba.

Nikachukua kisanduku kimoja nikaenda kwa wakwe. Baba mkwe aliniacha uani, sikupewa kiti. Shemeji zangu wakasimama. Mama watoto akatoka na mtoto, mtoto amenenepa, hakohoi.

"Umeleta nini?" akaniuliza.

"Kisanduku."

"Kile kile?"

"Kuna ukuta pia," nikasema.

Alikichukua, akakiweka juu ya jiwe katikati ya ua, akaweka bakuli jeupe chini ya ukingo wake, akarudi kukaa barazani. Mvua ikaja. Wote waliingia chini ya paa. Mimi hakuna aliyeniita, nikabaki palepale nanyeshewa pamoja na kisanduku changu, na hakukuwa na kitu cha kufanya ila kungoja. Ndugu zangu, sijawahi kuwa mdogo vile.

Ilipokatika, alikuja akainama, akainua bakuli, akalisogeza kwenye mwanga. Maji meupe. Akapitisha kidole juu ya rangi, akasugua kwa ukucha. Hakikubanduka. Akampa kaka yake mtoto, akaingia ndani kufunga nguo.

Sasa nina karakana barabarani, na bendi zinangoja zamu, na mnaona koti. Namshukuru Mungu. Nawashukuru ninyi mliokwangua, na aliyeleta rangi, na aliyejenga ukuta, na Gogo. Kwa wale mliokaa na kitu kimewashinda, sina mengi. Mwenye kukuuliza unachanganya na nini, mwambie ukweli.

Na mpaka leo hakuna kisanduku kinachotoka kwangu kabla hakijanyeshewa kwenye boriti ya Gogo. Ananipigia kelele kwamba namharibia paa. Lakini mvua ikikatika, anatoka mwenyewe, anainamia karai lake, anatazama kwa muda mrefu, kisha ananiambia, "Hii haina chai. Peleka."