Udongo wa Bibi Khamnoi

Wasikilizaji wapendwa, leo nimeomba muziki wa kufungulia usipigwe. Ni mimi Inthorn, yuleyule wa kipindi cha wakulima. Bibi Khamnoi wa Ban Hong amefariki. Alifariki Jumanne, akiwa na miaka themanini na mmoja. Wengi wenu mnalijua jina lake. Mnalijua kwa sababu nililichafua mimi.

Alizaliwa kwenye shamba la milamyai, miti yetu ya matunda, akaolewa shamba la jirani. Hakuna aliyemshinda kubebesha vikonyo vya mti mmoja juu ya mwingine katika tarafa yetu, na ulimi wake haukuwa na breki. Siku moja marehemu mumewe aliuvisha mti uliogoma kuzaa sketi ya mkewe ili uone haya uzae, kama ilivyo desturi yetu. Bibi akamwambia, “Baba Sriwan, nirudishie sketi yangu. Mti hauna haya, mimi ninayo.”

Miaka kumi na mmoja iliyopita, baridi haikuja. Mlamyai bila baridi hauchanui, hilo mnalijua. Lakini mti mmoja wa Bibi, ule wa nyuma ya jiko, ulichanua mpaka matawi yakainama.

Baba yangu alikuwa na miti mia moja na arobaini. Haikutoa hata ua moja. Nilishikwa na kijicho, wasikilizaji wapendwa. Nikaingia hewani nikasema: Bibi Khamnoi anatia chumvi ya baruti kwa siri, halafu anatuambia mti umependa wenyewe. Chumvi hiyo huulazimisha mti kuchanua. Kuitumia si kosa, kosa ni kuificha. Sikuwa nimefika kwake. Sikuwa nimemuuliza mtu. Mlicheka, nami nikacheka.

Kesho yake alikuja hapa langoni, majirani wakimfuata. Alibeba kikapu cha udongo wa chini ya mti ule.

“Mwanangu,” aliniambia, “chumvi hiyo ni sumu, si ndiyo? Basi nitazame.”

Akautia udongo mdomoni. Akatafuna, akameza. Nami jioni ile nikatangaza kwamba Ban Hong wali wa kunata umewaishia, sasa wanakula udongo.

Mtafiti mmoja aliyekuwa ameahidi kuja kuuchunguza mti alisikia maneno yangu redioni, hakuja. Miaka kumi ilipita. Mwaka jana akaja mwingine, Dakta Phatcharin, akachukua majani na machipukizi. Alinieleza hivi: ndani ya kila mlamyai kuna jeni inayosema chanua, na kuna nyingine inayoizuia mpaka baridi ije. Katika mti wa Bibi, hiyo ya kuzuia ni dhaifu. Mti ulizaliwa hivyo. Hakuna chumvi. Narudia: hakukuwa na chumvi.

Dakta aliniomba niyaseme hayo hewani, Bibi asikie. Nikamjibu, wiki ijayo. Kwa miezi minane nilijibu wiki ijayo. Niliona aibu, na aibu ile niliithamini kuliko yeye.

Jana nilikwenda msibani. Binti yake, Sriwan, alinipa maji, hakunitukana. Afadhali angenitukana.

“Mama alifungua redio kila siku ya kipindi chako, kaka,” alisema. “Namwambia, mama zima, huyo hasemi. Ananijibu, atasema, ana mama yake aliyemlea. Hata Jumanne, alipokata roho, redio ilikuwa wazi. Ulikuwa unasoma utabiri wa mvua.”

Sriwan, wajukuu, na nyote wa Ban Hong, poleni sana. Nimechelewa, na kuchelewa kwangu hakuna dawa. Nawe uliye nyumbani, kama kuna mtu uliyemchafulia jina, nenda kamsafishe leo, angali anasikia.

Wakati wa kuondoka, Sriwan alinikabidhi kifurushi cha jani la mgomba. Ninacho hapa mezani. Ni udongo wa chini ya mti ule. Hakuniambia niufanyie nini. Niwieni radhi, nauonja kidogo.

Ni udongo, wasikilizaji wapendwa. Hauna chumvi.