Meseji Zilizokataa Kupanda Mlimani

Amani iwe kwenu, wapendwa wa Kijenge. Shikamooni wazee wangu. Nimeombwa nisimame nitoe ushuhuda, nami nimesimama.

Wengi mnajua kazi yangu ni kutengeneza programu za kompyuta. Nilikuwa nahudumia ushirika wa wafugaji kule juu, mlima Meru. Mvua zikiharibu barabara, lori la maziwa hubadilisha kituo, na programu yangu huwatumia wafugaji meseji alfajiri: leo pelekeni pale. Sehemu ya kutuma meseji sikuitengeneza mimi. Niliichukua kwenye programu huria, zile zinazotengenezwa na watu wa kujitolea huko duniani, nawe unazitumia bure. Ina mlango wake: programu yangu inabisha, inatoa namba na maneno, ujumbe unaenda. Mlango huo mafundi tunauita API.

Basi mwaka mmoja, masika yameshika, wakatoa toleo jipya. Nikaliweka, nikalijaribu kwa namba yangu, ambayo niliiandika na mbili-tano-tano, ile namba ya nchi yetu, mbele. Meseji ikafika. Kumbe mlango mpya ulitaka namba zote zianze hivyo! Za wafugaji zilianza na sifuri. Zikatupwa kimya kimya, huku kompyuta inaniambia zimetumwa.

Asubuhi lori likaenda kituo cha chini, watu wakasubiri kituo cha juu, wananyeshewa. Maziwa yakachacha. Mama mmoja mjane akanipigia: "Mwanangu, maziwa nimewamwagia mbwa. Mbona mlinyamaza?"

Ushirika ukanisimamisha. Mtaani nikaitwa tapeli. Ndugu zangu, nawaambia, kuitwa tapeli kwa jambo usilolitenda kunakausha mate mdomoni. Hata hapa ibadani mkaacha kuniona. Nikaifungia kompyuta kabatini, nikaenda kuuza mitumba soko la Kilombero.

Dada mmoja wa Levolosi, fundi mwenzangu, akanikuta pale kwenye meza yangu ya nguo. Nilipomweleza yaliyonipata, akauliza:

"Umewaandikia waliobadilisha?"

"Nimeandika, sijatuma." Nikampa simu asome.

Akacheka kidogo. "Haya ni matusi kwa Kiingereza kizuri. Mbona habari ya maziwa hujawaambia?"

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Nikafuta, nikaandika upya: lori, mvua, mjane, ile sifuri mbele ya namba. Kiongozi wa wale wa kujitolea akajibu, "Mbona tulitangaza." Na kweli walitangaza, mstari mmoja, chini kabisa ya ukurasa: mpangilio wa namba umeboreshwa. Nikamjibu kwa upole, "Kwenu mmeboresha, kwangu mmefunga mlango. Neno hilo halimwambii mtu kwamba kesho meseji zake hazitafika." Mwenzao mmoja akadakia kwamba cha bure hakidaiwi. Baada ya siku kadhaa yule kiongozi akaniuliza, "Wewe ungeliandikaje?"

Nikaandika: kitakachovunjika ni hiki, kitawagusa watu hawa, wafanye hivi. Nikaomba pia mlango wa zamani uachwe wazi kwa muda, na programu ipige kelele badala ya kutupa meseji kimya. Wakakubali. Tena wakaniomba niwe naandika matangazo hayo, na mpaka leo naandika.

Nikapanda kwa wafugaji, nikawaeleza yote. Mwenyekiti akauliza, "Kwa hiyo kosa si lako?"

"Si langu, mzee. Lakini maziwa yalikuwa yenu."

Akatazamana na wenzake. "Haya, rudi kazini, mama."

Msimu wa mvua uliopita mlango ulibadilika tena. Onyo lilitufikia mapema, nikarekebisha mchana, nikaenda zangu kupika. Wafugaji hawakujua kama kuna kitu kimebadilika, na mimi nilikaa jikoni nikalia kwa furaha.

Namshukuru Mungu. Namshukuru dada wa Levolosi, aliyenizuia nisitume matusi, na yule mgeni nisiyewahi kumwona uso, aliyekubali kuuliza. Nanyi wapendwa, ukitaka kubadilisha kitu ambacho wenzako wamekiegemea, usiwatangazie ulichofanya wewe. Waambie kitakachowapata wao, na uwaambie wakiwa bado na nafasi ya kusogea.