Dada Yetu, Aliyeifundisha Kompyuta Kuzitambua Saratani za Tezi

Dada yetu, aliyeitwa Bi Darubini nyumbani na kazini, alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, kifungua mimba wa fundi cherehani na karani wa posta. Shule ya msingi aliisoma mtaa wa pili kutoka nyumbani, sekondari akaenda bweni, kisha akasomea udaktari. Mama anasema hakuwa mtoto wa kulialia. Nasi leo hatujalia. Tumekaa tu, tumekufa ganzi.

Mwaka 2004 aliajiriwa katika maabara ya hospitali, chumba cha mwisho kwenye korido, kuchunguza vipande vya tezi kwa darubini. Saratani ya tezi za limfu, yaani mitoki, iitwayo limfoma, ina aina nyingi zinazofanana kama mapacha, na kila aina ina tiba yake. Ili wagonjwa wasisubiri majibu hadi wazidiwe, yeye na wenzake walianza kuifundisha kompyuta kuzitofautisha kwa picha. Mwanzoni ilipatia karibu zote, watu wakapiga makofi. Yeye akagundua kwamba ilikuwa inatazama rangi ambayo kila maabara hupaka vipande vyake, kwa kuwa kila moja ilileta zaidi aina moja, wala si ugonjwa.

"Huyu mwanafunzi kakariri sare, sura hazijui," alisema, akaanza upya kwa picha za hospitali nyingi.

Mwaka 2009 aliolewa na mwalimu wa hesabu, mpole, ambaye hadi jana alikuwa bado anampigia pasi koti la kazini. Walijaliwa mabinti wawili.

Julai 2019 alipapasa uvimbe shingoni. Kipande chake kilipofika maabara alikitazama mwenyewe, akaandika aina ya polepole, ile ambayo mtu huweza kukaa nayo akiangaliwa tu. Kompyuta, iliyopewa picha bila jina, ikasema ni aina kali. Mwenzake alipotazama, akakubaliana na kompyuta.

Jioni alimwambia mumewe, "Ni ile mbaya. Dawa naanza kesho."

"Si ulisema ni ya polepole?"

"Mimi nilikuwa naomba, baba watoto. Kompyuta ndiyo ilikuwa inaangalia."

Daktari wake alisema kama angesubiri, asingeumaliza mwaka. Dawa zilimpa mitano. Saratani ilirudi, akafariki tarehe 2 Septemba 2024, asubuhi, mumewe akiwa kando ya kitanda chake.

Ameacha mama, mume, mdogo wake anayesoma haya, na mabinti wawili. Yule wa mwisho alikuwa na miaka mitatu dawa zilipoanza. Leo ana minane, na jana alituonyesha jinsi mama yake alivyokuwa akimsuka.

Lala salama, dada. Mtoto anakukumbuka.