Mayu Nyundo Karudi Ukutani

Wapendwa, nimeomba nafasi hii na leo sijaja kulia. Nilishalia vya kutosha.

Wengi mnanijua kama yule dada wa viroba. Kule mwaloni tunakoponda mawe ya dhahabu, akina mama wengi hatukusoma, kwa hiyo kila mmoja huchorewa alama yake kwenye viroba vyake vya mawe visichanganyike na vya wenzake. Mchoraji ni mimi. Huyu kuku, yule jembe. Mama mmoja mkali, yuko mstari wa pili hapo na anacheka, nilimchorea mwanamke mnene kabeba nyundo begani. Tukamwita Mayu Nyundo, yaani Mama Nyundo. Nikampenda, nikaanza kumtungia hadithi za katuni kwenye daftari.

Kampuni moja ya vitabu vya katuni ikaziona, ikaniletea mkataba. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, sikuusoma. Sisi machimboni tukishapeana mkono, mambo yamekwisha. Nikatia sahihi nimesimama, vumbi mikononi. Vitabu vikatoka, watoto mpaka Shinyanga mjini wakawa wanavigombania. Niliringa, msinihukumu.

Kisha nikamchora Mayu Nyundo kwenye ukuta wa kanisa letu hili, upande wa darasa la watoto. Ikaja barua ya wakili: huyo mwanamke amebuniwa chini ya mkataba, ni mali ya kampuni, nimfute kila alipo, hata kwenye viroba, la sivyo mahakamani. Jamani! Mtoto nimemzaa mimi, naambiwa nisimguse!

Niliogopa, nikatii. Nikapaka chokaa ukutani, nikapaka rangi nyeusi kwenye viroba vya yule mama, nikakimbilia Nkome, kule ziwani, kuanika dagaa. Karibu mwaka mzima sikushika penseli. Hata mwanangu akiniomba nimchoree paka, nilikuwa mkali.

Siku moja yule mama akanifuata Nkome, hata salamu hakumaliza.

"Viroba vyangu kila mtu anadai ni vyake. Rudi unichoree."

"Nimekatazwa, mayu."

"Na nani?"

"Kampuni. Wanasema Mayu Nyundo ni wao."

"Hao wamewahi kuponda mawe kule mwaloni?"

Nikacheka, mara ya kwanza baada ya miezi. Naye akatoa picha kwenye mkoba: siku ya ubatizo wa mjukuu wake. Nyuma ya mtoto kuna lundo la viroba, na kila kiroba kina Mayu Nyundo. Mjukuu huyo sasa yuko darasa la tatu. Mkataba nilikuwa nimeutia sahihi miaka mitatu tu nyuma, Mayu Nyundo alikuwepo kabla yake!

Tukaenda kwa dada mmoja wa msaada wa kisheria. Alinisomea mkataba neno kwa neno, akawajibu kwa barua akiambatanisha picha. Walitisha tena mara mbili. Akina mama kumi na moja wakaja na viroba vyao vya zamani, wakasema watatoa ushahidi kwamba alama zote, Mayu Nyundo akiwemo, nilizichora kabla ya mkataba. Kampuni ikarudi nyuma, ikaandika kwamba Mayu Nyundo ni wangu. Barua hiyo nimeiweka ndani ya Biblia.

Asanteni, akina mama wa mwaloni. Asante, dada wa sheria. Nanyi wengine, karatasi ikija, kaeni chini, naweni mikono, someni. Usipojua kusoma, tafuta wa kukusomea, wala usione haya.

Sasa mkitoka, piteni upande wa darasa la watoto mumsalimie. Ila msiegemee ukuta, rangi bado mbichi.