Aliyeanza Kujikuna

Kijiwe cha Karasha Tatu, kwenye barabara ya kwenda Mwakitolyo, ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matairi mawili ya tipa. Masika yalipopageuza pale tope, watu walimwaga marudio, ule mchanga laini unaobaki mawe yakishasagwa na dhahabu ikishakamatwa kwa zebaki, wakasawazisha, na tangu hapo kahawa inanyweka miguu mikavu. Siku hiyo, alasiri, mbwa aitwaye Tajiri alikuwa chini ya ubao anajikuna. Alijikuna kwa mguu wa nyuma, akajing'ata mkia, akajisugua mgongo mchangani, akaanza upya. Mbavuni hakuwa na unyoya. Mwenyekiti wa kitongoji alishatangaza kwamba mbwa huyo anaambukiza watu upele, na saa kumi mgambo anakuja kummaliza. Mwenye mbwa, Thobias, alikuwa na shahada ya kemia na miaka minne ya kusambaza barua za maombi ya kazi. Kijiweni walimwita Digrii. Alikaa kwenye jua lile na shati lake la mikono mirefu, lile la interview, vifungo vimefungwa mpaka kwenye vifundo vya mikono.

— Digrii, umebakiza nusu saa, alisema Bujiku, fundi wa karasha, mashine ya kusagia mawe. Nilikwambia umpake oili chafu.

— Nilimpaka. Hata manyoya yaliyokuwa yamebaki yakang'oka.

— Ulimpaka ya pikipiki. Mimi nilisema ya jenereta.

Mzee Pantaleo, ambaye hakuna ubishi aliouacha bila kuutolea hukumu, alitikisa kichwa.

— Ni dagaa. Mbwa anakula dagaa kila siku, damu lazima ichemke.

— Mzee, dagaa kala tangu hajafumbua macho.

— Ndiyo maana! Ilikuwa inajikusanya. Sasa inatoka.

— Shikamoo yako naiheshimu, mzee wangu, lakini hiyo damu ya kujikusanya kama maji ya tanki umeisomea wapi?

— Wewe uliyesoma, mbona mbwa wako hajapona?

Thobias akaweka kikombe chini.

— Kwa sababu mnaniingilia! Kutafuta kinachomwasha mbwa ni kazi ya kutoa kimoja kimoja. Unabadilisha chakula, wiki nane, hugusi kingine. Hakupona, unarudi kwenye viroboto. Hakupona, unamhamisha anapolala. One variable at a time. Nyie ndani ya wiki moja mmempaka oili, mmemwogesha dawa ya kupe ya ng'ombe bila kuizimua, mmemnyima dagaa, mmechoma gunia lake. Akipona, hamjui kilichomponya. Akifa, hamjui mlichomuulia.

— Akifa tutajua amekufa, alisema Nasibu, muuza kahawa, akimimina.

Wakacheka.

— Chekeni. Nchi nzima inaendeshwa hivyo hivyo.

Bujiku akasogea, akashusha sauti.

— Mimi nawaambia ukweli. Huyu alikula kafara. Yule kuku mweupe wa kwenye duara, shimo la dhahabu la akina Ndaki, nani alimmaliza? Kuku wa shimo haliwi. Dhahabu imemwingia chini ya ngozi, inatafuta pa kutokea.

— Basi tusimzike, alisema Pantaleo, akikwangua kifundo cha mguu kwa kisigino cha mguu mwingine. Tumchome, jivu tulioshe kwenye beseni. Pointi mbili za dhahabu hazikosekani.

Alikuwa hatanii. Na Bujiku, akijikuna shingo, akaanza kukadiria kwamba huenda zikawa tatu.

Hapo ndipo alipofika mwanamke na beseni jipya kichwani. Akajitambulisha: Apolonia, ametoka Chato juzi, anatafuta nafasi pale mwaloni, wanakooshea mchanga wa dhahabu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mayu. Karibu kahawa.

Alikunywa akiwa amesimama, akiwatazama mmoja mmoja.

— Huyu ndiye mbwa niliyesikia amewaambukiza?

— Wote! alisema Pantaleo. Mpaka wajukuu zangu.

— Poleni. Na aliyeanza kujikuna ni nani? Yeye, au nyie?

Bujiku alitazama karasha. Nasibu alitazama ndani ya birika.

Thobias alijua. Yeye alianza Oktoba, mikononi, wiki ile ile alipotumbukiza mikono kwenye beseni la marudio kwa mara ya kwanza. Tajiri alianza Machi, mchanga ulipomwagwa hapa na yeye akapafanya kitanda. Kulithibitisha kulihitaji kufungua vifungo viwili tu. Lakini mwalo wa jirani serikali iliufunga kwa maneno machache kuliko hayo, na kwenye mwalo huu wanaosha watu arobaini, mama yake akiwemo. Kesho asubuhi na yeye yumo.

Mgambo alifika na kamba na rungu.

— Mwenye mbwa nani?

— Mimi.

— Una la kusema?

Thobias alishika kifungo cha mkono wa kulia. Akakikaza.

— Sina, afande.

Tajiri alifurahi kuona kamba, akatikisa mkia. Njiani akasimama kujikuna, na mgambo akamsubiri mpaka akamaliza, kisha wakapotelea nyuma ya karasha.

— Kahawa imeisha, alisema Nasibu.

Hakuna aliyeinuka. Apolonia alitazama ndala zake juu ya ule mchanga laini, akainua mguu mmoja, akaurudisha, akainua wa pili. Chini ya ubao hapakuwa na mbwa tena. Mkwaruzo wa kucha kwenye ngozi uliendelea.